Kutoka Ugali Mweupe hadi Ugali wa Wimbi

Msikilizaji, kabla sijafika mbali nina swali, nawe lijibu hapo hapo ulipo, jikoni, dukani au ndani ya matatu: ugali uliokula jana usiku ulikuwa wa rangi gani?

Najua wengi mmejibu mweupe, na baadhi yenu mmeshangaa kwamba hilo nalo ni la kuulizwa. Mazungumzo ya leo ni ya safari, ya kwenda kuona mahali penye historia na kula chakula cha hapo, na rangi ya ugali ndiyo itakayotuonyesha njia.

Nianzie mbali kidogo. Kusini mwa Ufaransa kuna mji uitwao Carcassonne. Umekaa kilimani, umezungushiwa kuta mbili za mawe, una minara 52, na mwaka 1997 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Zamani kuta hizo zilikuwa zimechakaa hata serikali ya huko ikakusudia kuzibomoa. Ukarabati ulianza 1853 chini ya mjenzi Viollet-le-Duc, na mpaka leo wako wanaomlaumu kwamba yale mapaa yaliyochongoka aliyoivisha minara ni ya kaskazini, hayahusiani na kusini. Wageni hawana habari na ugomvi huo. Wanapanda, wanapiga picha, na mchana ukifika wanaketi kula cassoulet, yaani maharagwe meupe yaliyopikwa polepole chunguni pamoja na nyama ya nguruwe, soseji na bata.

Chakula hicho kina kisa chake. Inasimuliwa kwamba mwaka 1355 Waingereza waliuzingira mji jirani wa Castelnaudary, wenyeji wakakusanya kila kilichobakia majumbani, wakakitia katika chungu kimoja, askari wao wakala, wakapata nguvu, wakamfukuza adui. Kisa kitamu. Ila maharagwe yale asili yake ni bara la Amerika, na mwaka huo hakuna mtu wa Ulaya aliyekuwa ameyatia machoni, maana Columbus alivuka bahari 1492. Tena mji wenyewe, kwa mujibu wa historia, mwaka huo ulichomwa moto. Lakini nani anajali? Mgeni anaondoka akiwa ameona ukuta na kula chungu cha ukuta, na vitu hivyo viwili havitengani tena kichwani mwake.

Mimi ninawaonea wivu kwa jambo hilo moja. Huku kwetu, katikati ya Kitale na Bungoma, tunacho kisa cha ngome na chakula ambacho hakihitaji kupakwa rangi. Tunacho na hatukipakui. Mgeni akishuka Kitale anaelekezwa makumbusho, kisha anaelekezwa chipsi. Akishuka Bungoma anaonyeshwa hoteli yenye pilau na nyama choma, vitu ambavyo angevipata Nakuru, Thika, au popote penye stendi ya matatu.

Basi twende. Tuanzie Kitale, mjini juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, kwenye baridi ya asubuhi ambayo wenyeji hawaitaji na wageni hawaisahau.

Makumbusho ya Kitale yana historia yake ya pekee. Mlowezi mmoja Mwingereza, Luteni Kanali Hugh Stoneham, alikuwa na ugonjwa wa kukusanya. Alikusanya vipepeo, nondo, ndege, vitabu, na vyombo vya wenyeji, na mwaka 1926 akavifungulia makumbusho yake binafsi, ya kwanza Kenya kuanzishwa bara huku, nje ya pwani na Nairobi. Alipofariki 1966 aliviachia taifa, na Desemba 1974 jengo jipya likafunguliwa. Ukiingia leo utakuta wadudu wamepangwa kwa mistari, kila mmoja na sindano yake, utakuta vibuyu na ngao, na huko nje kuna nyumba zilizojengwa kwa mtindo wa jadi wa jamii za eneo hili, halafu njia ya miguu inayoteremka kwenye kipande cha msitu wa asili hadi kijitoni. Msitu huo nenda. Wanafunzi huupita mbio wakikimbilia nyoka wanaofugwa hapo, lakini ndio kitu cha zamani kuliko vyote mle ndani, maana Trans Nzoia yote ilikuwa na miti na malisho kabla haijawa shamba la mahindi.

Hapo ndipo penye kiini cha mji huu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni iligawa ardhi kwa wanajeshi wa Kizungu waliostaafu, chini ya mpango wa 1919, na Trans Nzoia ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizogawiwa. Wakaja na Makaburu kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1926, mwaka ule ule wa makumbusho ya Stoneham, reli ya tawi ikafika Kitale kutoka upande wa Eldoret, na reli haikuletwa kwa ajili ya abiria. Ililetwa kuchukua magunia.

Ukipenda mambo ya kutisha zaidi, wenyeji watakuambia habari za mawe yaliyopangwa duara karibu na klabu ya mji. Kwa masimulizi yao, misafara iliyotoka Uganda kwenda pwani ilipumzika hapo, na watumwa wakafungwa minyororo hapo hapo. Leo jirani yake kuna uwanja wa gofu. Yaani watu wanapiga mpira mdogo mweupe hatua chache kutoka mahali panaposemwa watu walilazwa kwa minyororo, na huo ndio urithi wa Kitale, hauchagui jirani.

Tena kuna kisa cha meza ambacho ninatamani kila hoteli ya Kitale ingekiandika ukutani. Mwishoni mwa mwaka 1952, Jomo Kenyatta na wenzake watano walipofikishwa mahakamani Kapenguria, Kapenguria ilikuwa kijiji kisicho na mahali pa kulala wageni. Mawakili wakawa wanalala Kitale na kupanda asubuhi. Na mawakili wenyewe walikuwa nani? D. N. Pritt kutoka Uingereza, Chaman Lall kutoka India, H. O. Davies kutoka Nigeria, Dudley Thompson, Mjamaika mzaliwa wa Panama, na Wahindi wa Kenya kama Achhroo Kapila na Fitz de Souza. Wote walikuwa upande mmoja wa kesi, ila mjini humo kila rangi ilikuwa na mahali pake pa kula. Mzungu angeweza kuketi katika hoteli ya Kizungu. Mwenzake mweusi au Mhindi, hapana. Kesi ya uhuru wa nchi ilipangwa katika mji ambao watetezi wake hawakuruhusiwa kukata mkate pamoja hadharani. Hukumu ilisomwa Aprili 1953. Unapokunywa chai yako Kitale leo, jirani yako Mturkana aliyeshuka kutoka Lodwar na Mpokoti aliyeleta mbuzi, kumbuka kwamba mchanganyiko huo wa mezani haukuwepo siku zote.

Sasa turudi kwenye ugali, maana sijasahau.

Mahindi yaliletwa Afrika Mashariki na Wareno kupitia pwani, karne nyingi nyuma, lakini huku bara yalibaki zao la pembeni, la kuchoma na kutafuna msimu ukifika, tena mengi yalikuwa ya rangi: manjano, mekundu, yenye madoa. Weupe uliletwa na soko. Viwanda vya wanga vya Uingereza vilitaka mahindi meupe, mlowezi akafuata bei. Akaleta mbegu nyeupe ya asili ya Marekani, Hickory King, iliyopitia Afrika Kusini, akaipanda hapa Trans Nzoia na Uasin Gishu. Kilichobaki alimlisha mfanyakazi. Posho ya kibarua ilipimwa kwa ratili, mara nyingi ratili mbili za unga kwa siku, na mtu aliyelishwa unga mweupe miaka kumi anarudi kwao na mdomo uliokwisha kuzoea. Ndivyo ladha ya taifa ilivyotengenezwa, msikilizaji: kidogo kwa bei ya London, kidogo kwa kipimo cha nyapara.

Halafu ikaja sayansi. Mwaka 1956 Kenya Seed ilianzishwa hapa Kitale, mwanzo kwa ajili ya mbegu za majani ya mifugo ya walowezi. Wakati huo huo mtafiti Michael Harrison alikuwa katika kituo cha utafiti cha Kitale akihangaika na mahindi. Mwaka 1961 ikatoka aina iliyoitwa Kitale Synthetic II. Harrison alikuwa amekwenda Amerika ya Kusini akarudi na mbegu nyingi za kujaribu, na moja, iliyotoka Ekwado, ikaoana na ile ya Kitale vizuri kupita matarajio. Mwaka 1964 mtoto wao akapewa wakulima, akaitwa 611. Wakubwa kwa wadogo wakaipanda. Wajukuu zake ni hizo 614 ambazo baba yako anazitaja kwa namba kama anavyotaja namba ya simu.

Kwa hiyo ukiketi katika hoteli ndogo ya Kitale ukaagiza ugali na sukuma wiki, ugali ule mweupe unaokuja ukifuka mvuke umebeba Ureno, Marekani, Afrika Kusini, London na Ekwado, na kazi ya watu wa mji huo huo. Wafaransa wangeandikia kitabu. Sisi tunauliza kama kuna supu.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Kitale ina vyakula vingine vya kudai. Omba mursik ya kweli, maziwa yaliyolazwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti, yakatoka na michirizi ya kijivu na harufu ya moshi. Wasabaoti wa miteremko ya Elgon na ndugu zao Wakalenjin wengine ndio wenyewe. Usiikubali ile iliyotiwa ndani ya chupa ya plastiki bila kupita kwenye kibuyu. Hayo ni maziwa lala tu, na mama yeyote wa Kisabaoti atakuambia hivyo bila kuulizwa. Ukiwa na siku ya ziada panda mlimani hadi mbuga ya Elgon, pango la Kitum, ambamo ndovu huingia gizani usiku kuchimba chumvi ya mwamba kwa pembe zao. Hilo la ndovu linajulikana duniani kote. Lisilojulikana ni chumvi ya watu, nayo tutaifikia tukishuka.

Barabara kutoka Kitale kwenda Webuye inapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu. Mashamba ya mahindi yanakusindikiza pande zote, mwanzo makubwa, kisha yanakatika vipande, na vipande vinazidi kuwa vidogo kadiri unavyoingia kaunti ya Bungoma, mpaka unajua kwa macho tu kwamba umetoka kwenye ardhi iliyogawiwa kwa ekari mia na kuingia kwenye ardhi waliyoachiwa wengine. Ukikata kulia pale Kamukuywa unaenda Kimilili, na upande huo ndiko Maeni, kwao Elijah Masinde. Wengi wanamjua kama mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, iliyopigwa marufuku mwaka 1948. Wachache wanajua kwamba mwaka 1930 aliichezea Kenya mpira dhidi ya Uganda. Mtu yule aliwataka Wazungu waondoke na ardhi irudi, Trans Nzoia ikiwamo, na alifungwa na serikali ya mkoloni na baadaye akafungwa pia na serikali ya Waafrika. Anahitaji kipindi chake mwenyewe, kwa hiyo tumpite kwa heshima.

Webuye ndipo ninapotaka tusimame. Zamani iliitwa Broderick Falls kwa ajili ya maporomoko ya Nzoia, ambayo wenyeji huyaita Nabuyole. Vijana wengi wanaujua mji huu kwa kiwanda cha karatasi, harufu yake na kufungwa kwake. Lakini juu ya mji kuna kilima, na juu ya kilima ndiko Chetambe.

Mwaka 1895 serikali ya Kiingereza ilikuwa imeweka kituo Mumias, chini ya Charles Hobley. Bunduki zilizopotea kutoka kwenye misafara zilikuwa zimefika mikononi mwa Wabukusu, serikali ikazidai, kikosi kilichotumwa kikauawa. Hobley akaja kulipiza. Alikuwa na askari wa Kisudani, Waganda, watu wa Mumias, na Wamaasai. Walianza na ngome ya Lumboka, kisha wakapanda Chetambe, ambako Wabukusu na Watachoni walikuwa wamejifungia. Ngome yenyewe ilikuwa ukuta wa udongo na handaki refu kuuzunguka. Waliokuwa ndani walikuwa na mikuki, mishale na bunduki chache. Waliokuwa nje walikuwa na bunduki nyingi na mizinga. Watu wengi walikufa, ng'ombe wakachukuliwa, na Hobley mwenyewe aliyaandika mambo hayo katika kitabu alichokitoa 1929. Mabaki ya handaki bado yanaonekana. Unapanda, unasimama pembeni, unaona bonde lote la Nzoia mpaka mbali, na unaelewa kwa nini walipachagua.

Sasa tujiulize swali ambalo vitabu vya shule haviulizi. Walikuwa wakila nini mle ndani?

Ngome ya namna hiyo ilikuwa kijiji kizima, nyumba, zizi na maghala ndani ya ukuta mmoja. Na nafaka ya siku hizo ilikuwa wimbi na mtama. Wimbi ni zao letu kabisa. Lilianza kulimwa katika nyanda za juu za Ethiopia na Uganda maelfu ya miaka iliyopita, likavuka bahari likaenda India, ambako mpaka leo linaliwa na mamilioni. Lina tabia moja inayomfaa mtu aliyezungukwa na adui: punje yake ni ndogo na ngumu, dumuzi haiwezi, na likikauka vizuri linakaa ghalani miaka mingi bila kuharibika. Gunia la mahindi ukiliacha mwaka mmoja bila dawa utakuta unga wa wadudu, tena ukikosea kulikausha unapata sumukuvu. Ghala la wimbi lilikuwa bima ya njaa na bima ya vita. Nikiyaweka pamoja mambo hayo, naona kwamba ukuta wa Chetambe ulikuwa na maana kwa sababu ndani yake kulikuwa na nafaka isiyooza. Tazama sasa: Wafaransa wana kuzingirwa na maharagwe ambayo hayakuwepo, na sisi tuna kuzingirwa na nafaka iliyokuwepo. Kati ya hao wawili ni nani anayeuza chakula chake kwa wageni?

Ukishuka Chetambe na kuendelea na barabara ya Malaba unafika Bungoma, karibu mita 1,400, joto limeongezeka, koti la Kitale limeingia mfukoni. Hapa ndipo tule.

Ugali wa wimbi huja ukiwa wa kahawia inayokaribia wekundu wa udongo, mzito, wenye uchachu mdogo kama unga umechanganywa na muhogo au mtama. Hauvunjiki vipande kama ule mweupe; unanyofoa, unabonyeza, unachota. Mgeni anayeula kwa uma amejinyima nusu ya shughuli. Pembeni ni mboga, na hapa Bungoma mboga ni elimu. Mrenda, unaoteleza, haupikwi peke yake. Huchanganywa na kunde ili kunde ziteleze kidogo na mrenda upate mwili. Saga ni chungu, hivyo hupikwa, ikalazwa na maziwa, ikapashwa kesho yake, na siku ya pili ni tamu kuliko ya kwanza. Kuna nderema yenye majani mazito yanayong'aa. Kuna managu. Na vyote hivyo vinalainishwa kwa munyu.

Hiyo ndiyo chumvi ya watu niliyokuahidi. Makapi na mabua makavu ya maharagwe yanachomwa, majivu yanatiwa katika chombo chenye vitundu chini, maji yanamwagwa juu, yanachuruzika taratibu mpaka yanatoka ya rangi ya chai. Matone machache ndani ya sufuria, na jani lililokuwa gumu linalainika bila kupoteza rangi yake. Kule mlimani ndovu wanakwangua chumvi ya volkano. Huku chini kukhu, yaani bibi, anaichuja kutoka kwenye mabua ya maharagwe.

Kuku je? Bila kuku hujafika Bungoma. Wakenya wote wanajua mizaha ya Waluhya na ingokho, nami sitaongeza mwingine. Niseme tu kwamba kuku wa kienyeji anachukua muda motoni, na kwamba firigisi, wanayoiita imondo, ina mwenyewe mezani. Ni ya baba mwenye nyumba au mgeni wa heshima. Ukiona imewekwa kwenye sahani yako, umekwisha kuhesabiwa. Usimpe mtoto wa jirani kwa ukarimu wa kujifanya, utaudhi watu.

Mvua zikinyesha, kuna kumbikumbi, chiswa kwa Kibukusu. Watu hufunika kichuguu, kisha hugonga vijiti kwa mpigo wa haraka ili wadudu wadhani mvua inanyesha, nao hutoka. Hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Wagisu wa ng'ambo ya mlima, Uganda, wana malewa, machipukizi ya mianzi ya Elgon yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Ukiyapata sokoni upande huu, usiulize mara mbili.

Na busaa? Siwezi kuzungumzia chakula cha Bungoma nikairuka, hata kama kuna wachungaji wanaosikiliza. Unga wa mahindi unakandwa, unachachushwa, unakaangwa juu ya bati, unaanikwa. Halafu unatiwa kimea cha wimbi. Bila kimea hicho mahindi yale hayafiki popote. Nafaka ya mlowezi ndiyo mwili wa pombe, na nafaka ya ngome ndiyo inayoiamsha. Wazee huinywa kwa mirija mirefu kutoka katika chungu kimoja, wakiketi kwa utaratibu ambao hauandikwi popote na kila mmoja anaujua.

Busaa inatupeleka kwenye sherehe ya tohara, na hapo kuna jambo ambalo lazima niliseme wazi. Agosti ya miaka shufwa, kama 2022 na 2024, Wabukusu hutahiri vijana wao. Utasikia njuga za chinyimba barabarani, utamwona kijana akitoka kwa mjomba wake na kipande cha nyama shingoni, akifuatwa na umati. Kuna watu wa utalii wanaotamani kuifanya ratiba, wageni wapakiwe mabasi waje na kamera alfajiri. Mimi sikubaliani nao. Ukialikwa na familia, nenda, kula, cheza. Usipoalikwa, hiyo ni kazi ya watu, na si kila urithi unafaa kukatiwa tiketi. Ugali wa wimbi unaweza kuuzwa. Mwana wa mtu akisimama uchi mbele ya kisu, hapana.

Kuhusu kuuza, sasa. Mwaka 2010 UNESCO iliutambua mlo wa Kifaransa, ule wa kuketi na kula kwa utaratibu, kuwa urithi wa wanadamu. Mwaka 2021 iliitaja Kenya kwa kazi yake ya kukuza na kuhifadhi vyakula vya asili, ikaiweka kwenye orodha ya mifano ya kuigwa. Kisha Umoja wa Mataifa ukautangaza 2023 kuwa mwaka wa mtama, wimbi na jamii zake zote. Heshima ipo. Inapokosekana ni kwenye karatasi ya menyu. Ingia hoteli kubwa ya Bungoma au Kitale usome: kuku, samaki, nyama, "ugali", "mboga". Mboga ipi? Ugali upi? Kutoka wapi? Mwenye kibanda karibu na stendi anajua majibu yote hayo, ila hana karatasi. Kaunti zetu zikitenga fedha za utalii zinajenga sanamu penye mzunguko wa magari, na kila mwaka kuna siku ya utamaduni ambapo waheshimiwa wanavaa ngozi kwa saa tatu na kula pilau chini ya hema. Fedha za hema moja zingetosha kuandika kibao pale Chetambe kueleza nini kilitokea, na kumpa mama mmoja pale Webuye mkataba wa kulisha wanaoshuka kilimani.

Nasikia sauti ya mkulima: wimbi ni kazi. Ni kweli, baba. Palizi yake ni ya kuinama siku nzima kwa sababu magugu yanafanana nalo, ndege wanalimaliza, huvunwa kwa kisu kidogo suke kwa suke. Ndiyo sababu mahindi yalishinda. Yalimpunguzia mama mgongo. Na ndiyo sababu unga wa wimbi leo ni ghali kuliko wa mahindi. Chakula kilichoitwa cha maskini wakati wa ujana wangu sasa kinaagizwa na watu wa sukari na presha kwa maelekezo ya daktari, na mwenye hoteli anakitoza zaidi. Bei hiyo ikimfikia anayepalilia, atalima. Ikiishia kwa mwenye hoteli na dalali, hatalima, na tutabaki kununua wimbi linalovuka mpaka kutoka Uganda, kama wengi wanavyofanya tayari.

Kwa anayetaka kuifanya safari hii wikendi: lala Kitale Ijumaa, asubuhi makumbusho na msitu wake, mchana ugali mweupe na mursik, kisha shuka Webuye ulale hapo au Bungoma. Jumapili panda Chetambe mapema kabla jua halijawa kali, na uwe na mzee wa hapo wa kukusimulia, umlipe vizuri. Kuku wa kienyeji na ugali wa wimbi haviivi kwa nusu saa, kwa hiyo mpigie mwenye hoteli kabla hujaanza kupanda kilima, umtajie mboga kwa jina, na kama unarudi Nairobi kwa basi la usiku mwambie pia saa ya basi.